Volta: Jamaa wa betri aliyeanzia kwenye matope

Ukifika Malinya alfajiri siku ya mafahali, utasikia isukuti kabla hujaona chochote. Vijana wanakimbia mbele ya fahali wao na matawi mikononi, wazee wanafuata nyuma kwa mwendo wa watu wenye mali, na uwanja unajaa kabla jua halijatoka vizuri. Mafahali wawili wanagongana pembe. Mmoja anachoka, anageuza kichwa, anatimua mbio, na umati wote unamfuata mshindi kwa nyimbo. Wakishaenda, uwanjani kinabaki samadi. Marundo kwa marundo, yakifuka mvuke kwenye baridi ya asubuhi. Hakuna anayeyaangalia isipokuwa yule aliyeyakanyaga.

Leo nataka tuyaangalie, na mtu wa kutusaidia ni Mwitaliano aliyefariki mwaka wa 1827. Usishangae. Jina lake unatembea nalo kila siku. Chukua chaja ya simu yako, usome yale maandishi madogo ambayo hakuna mtu husoma. Ile herufi V iliyo kando ya nambari ni yeye: Alessandro Volta, mwenye volti. Shuleni tulimkariri kama mtu wa betri, tukafanya mtihani, tukamsahau. Kile ambacho wengi wetu hatukuambiwa ni kwamba miaka 24 kabla ya betri, Volta alikuwa ameketi kwenye mashua kando ya ziwa akikoroga matope kwa fimbo kama mtoto aliyetoroka shule. Alichokitoa mle ndani ndicho kinachowaka leo kwenye meko ya watu wachache wenye mtambo wa bayogesi, na ndicho kinachopotea hewani kila siku kutoka kwa marundo ya samadi tunayoyaruka.

Volta alizaliwa Como, kaskazini mwa Italia, tarehe 18 Februari 1745. Italia kama nchi moja haikuwepo bado, na eneo hilo la Lombardia lilitawaliwa na Austria. Familia yake ilikuwa na jina kubwa na mfuko mdogo, ile hali ya watu wanaoheshimiwa sokoni lakini dukani wana deni. Inasimuliwa kwamba alichelewa sana kuongea, hadi akafika miaka minne hivi, na nyumbani wakaanza kuingiwa na hofu kwamba kijana hana akili. Babake alifariki angali mdogo, akabaki mikononi mwa jamaa zake. Wajesuiti waliomfundisha walimwona ana kichwa wakataka awe mmoja wao. Wakubwa wa familia nao walimtaka asome sheria, kazi ya kuleta pesa. Yeye alitaka umeme.

Na hapa ndipo mimi, niliyetoka chuoni kabla ya kumaliza, nilianza kumpenda huyu mzee. Volta hakuwahi kupata shahada ya chuo kikuu. Akiwa kijana wa miaka kumi na kitu alianza kuwaandikia barua wataalamu wakubwa wa umeme wa wakati ule, akiwemo Nollet wa Paris na Beccaria wa Turin, akiwaeleza anavyodhani mambo yanaenda. Hebu fikiria ujasiri huo. Akiwa na miaka 24 alichapisha kitabu chake cha kwanza, tena kwa Kilatini.

Lakini tusidanganyane, maana mitandaoni hadithi za walioacha masomo wakafaulu zimekuwa biashara. Volta hakuwa mtoto wa mtaa. Alikuwa na rafiki tajiri kumzidi, Gattoni, aliyemfungulia chumba chenye vitabu na vyombo vya majaribio. Cheti hakuwa nacho. Vifaa, muda na mtu wa kumjibu barua alikuwa navyo. Ukiondoa hivyo vitatu, sidhani tungekuwa tunamtaja leo.

Mwaka wa 1774 alipata kazi ya kusimamia shule mjini Como. Mwaka uliofuata akatangaza chombo alichokiboresha kikasifika Ulaya nzima, elektrofori: kigae cha utomvu mgumu na bamba la chuma lenye mpini, ambavyo ukishavisugua mara moja vinakupa cheche tena na tena. Kumbuka hizo cheche, zitarudi.

Sasa tufike kwenye matope. Mwaka wa 1776 kulikuwa na gumzo kuhusu hewa inayowaka. Mwingereza Cavendish alikuwa ameshaeleza, miaka kumi hivi nyuma, hewa inayotoka chuma kikitiwa asidi, ile tunayoiita hidrojeni. Mmarekani Benjamin Franklin alikuwa ameandika kuhusu maji ya mito fulani kule kwao ambayo ukiyatibua matope yake na kusogeza mshumaa, yanashika moto juu. Na padri mmoja rafiki yake Volta, Carlo Giuseppe Campi, alikuwa ameona hewa ya namna hiyo ikitoka ardhini si mbali na kwao. Volta akajiuliza swali rahisi: kama iko huko, mbona isiwe hapa?

Novemba mwaka huo alikuwa Angera, kwenye ufuo wa ziwa Maggiore, mahali penye matete na maji yaliyotulia. Alichukua chupa, akaijaza maji, akaipindua mdomo chini ndani ya maji na kuiwekea faneli. Kisha akachokoa matope ya chini kwa fimbo. Mapovu yakapanda, yakaingia kwenye faneli, yakasukuma maji nje ya chupa. Basi. Hiyo ndiyo mashine yote. Ukienda kwenye kinamasi chochote kando ya vijito vya Ikolomani, pale ng'ombe hunywa maji na majani yameoza miaka nenda miaka rudi, ukachokoa, utayaona mapovu hayohayo.

Aliporudi nyumbani akaiwasha. Iliwaka kwa mwali wa buluu, polepole, bila ule mlipuko wa ghafla wa hewa inayotoka kwa chuma. Mtu mwingine angesema ni hewa ileile ina uchafu, akaendelea na maisha. Volta hakukubali. Alipima, akachanganya na hewa ya kawaida kwa viwango mbalimbali, akaona hii inataka hewa nyingi zaidi ndipo iwake vizuri. Akahitimisha kwamba ni kitu tofauti. Leo tunakiita methani.

Halafu akasema jambo ambalo kwangu mimi linashinda hata betri. Alisema hewa hii inatokana na mimea na wanyama waliooza chini ya maji, na palipo na mozo mwingi zaidi, ndipo hewa ni nyingi zaidi. Siku hizo watu wa sehemu nyingi waliona miali midogo ikicheza usiku juu ya vinamasi wakasema ni roho za wafu. Volta aliona hesabu: uozo ukiingia, moto unatoka. Aliyaandika haya yote kwa mfululizo wa barua kwa padri Campi, na barua hizo zikachapishwa kama kitabu mwaka wa 1777.

Ambacho hakukijua, na hangeweza kukijua, ni nani anayefanya kazi hiyo mle matopeni. Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo haviwezi kuishi penye oksijeni. Kundi moja huvunja majani na kinyesi kuwa asidi, kundi lingine hula mabaki hayo na kutoa methani. Mtambo wa bayogesi ni hilo tu: kinamasi ulichokijenga nyumbani na kukiwekea kifuniko. Unamimina samadi na maji kiasi sawa, unaziba hewa isiingie, unasubiri. Mwanzoni subira ni ya wiki kadhaa, na baadaye kile unachokiingiza leo hukaa humo siku 40 hadi 60 kabla ya kutokea upande wa pili. Gesi inayokusanyika juu huwa zaidi ya nusu methani. Kiasi kikubwa kinachobaki ni kabonidioksidi, na kidogo ni ile gesi yenye harufu ya yai viza. Uji unaotoka upande wa pili hauna tena uvundo wa samadi mbichi, na ni mbolea ambayo mahindi huipenda kuliko mengi tunayonunua kwa magunia.

Mwaka wa 1808 Mwingereza Humphry Davy alipata gesi hiyohiyo kutoka kwa samadi ya ng'ombe. Mwaka wa 1895 mjini Exeter, Uingereza, taa za barabarani ziliwashwa kwa gesi ya majitaka. Hapa Kenya mtambo wa kwanza unaojulikana ulijengwa 1957 na mkulima wa kahawa, Tim Hutchinson, na kilichomfurahisha kilikuwa pia ile mbolea, si moto peke yake. Kule Naivasha, mtambo wa Gorge Farm hutumia mabaki ya mboga na mimea ya shamba kuzalisha umeme wa megawati 2 na zaidi. Kwa hivyo hakuna anayeweza kuniambia kwamba hili ni jambo la wazungu au la karne ijayo. Ni la zamani kuliko redio.

Turudi Malinya basi na kalamu. Ng'ombe mmoja anayelishwa zizini hutoa kama kilo 10 za samadi kwa siku, mkubwa akizidi. Kila kilo ya samadi mbichi ya ng'ombe, mtambo ukiwa mzima, hutoa takriban lita 40 za gesi. Ng'ombe wawili ni lita 800. Meko moja ya gesi hiyo hula kati ya lita 200 na 400 kwa saa. Maana yake ni kuwa boma lenye ng'ombe wawili wa zizini lina saa mbili hadi nne za moto kila siku: chai ya asubuhi, maharagwe ya mchana, ugali wa jioni. Bila kuni. Bila mtungi wa kubebwa kwa bodaboda ukiombea bei isipande tena.

Fahali wa vita peke yake hatoshi, na afadhali niseme hivyo wazi kabla mzee mwenye fahali hajanikasirikia. Mmoja atachemsha chai na pengine mayai. Lakini fahali huyu ana sifa ambayo ng'ombe wa kuchungwa hana: analindwa. Analala penye makao yake, analishwa vizuri kuliko wageni, hazururi ovyo. Samadi ya ng'ombe anayezunguka kutwa hupotea barabarani na malishoni. Ya mnyama anayefungwa iko pale pale, kazi ni koleo na ndoo. Jirani mwenye fahali na jirani mwenye ng'ombe wa maziwa wakiunganisha ndoo, wana mtambo.

Mbona basi mitambo ni michache? Kwa sababu hesabu ya gesi ni rahisi na hesabu ya pesa ni ngumu. Kuchimba shimo, matofali, saruji, fundi anayejua kufanya kuba lisivuje, hizo ni pesa za mkupuo mmoja, na kijijini pesa za mkupuo mmoja huja kwa harambee ya matanga au karo. Tangu 2009 kumekuwa na mpango wa kitaifa wa kusambaza mitambo ya nyumbani nchini, na maelfu imejengwa. Mingine imekufa. Bomba lilipasuka hakuna wa kulitengeneza, au ng'ombe aliuzwa kulipia hospitali na shimo likabaki na njaa. Na kuna jambo ambalo wauzaji wa mitambo hulipitia haraka: samadi na maji lazima vichanganywe kila siku, na nyumbani unajua ni nani atachanganya. Kama mama aliyekuwa akibeba kuni sasa anabeba maji ya mtambo juu ya maji ya kupikia, hujamwondolea mzigo, umembadilishia. Kijana wa boma akishika ndoo, hapo ndipo hesabu inakubali.

Na kuni si jambo dogo upande huu. Msitu wa Kakamega, ule wa mwisho wa aina yake nchini, uko karibu. Moshi wa jikoni nao ni muuaji asiyepigiwa kelele: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Wakati huohuo Ikolomani hiyohiyo ina vijana wanaoshuka kwenye mashimo ya kuchimba dhahabu kwa kamba na tochi, mashimo ambayo hubomoka na kufukia watu. Siwalaumu. Dhahabu hulipa jioni hiyohiyo. Samadi hulipa polepole, kwa vitu ambavyo havihesabiki mfukoni: kuni usizonunua, kikohozi usichokipata, gunia la mbolea ulilookoa. Ni vigumu kumwambia mtu wa miaka 22 mwenye njaa asubiri siku 60.

Volta mwenyewe, tukisema ukweli, hakupikia mtu chai. Alikuwa mtu wa vyombo. Alichukua gesi ya kinamasi, akaiweka kwenye chombo kidogo pamoja na hewa, akaziba kwa kizibo, akapitisha cheche ya ile elektrofori yake. Paaa! Kizibo kikaruka. Wakakiita bastola ya Volta, na wakubwa wa Ulaya wakakipenda kama tunavyopenda fataki. Lakini kichwani mwake kulikuwa na zaidi. Mwaka wa 1777 alipendekeza kwamba waya uvutwe kwenye nguzo kutoka Como hadi Milan, ili cheche ikitolewa upande mmoja bastola ilipuke upande wa pili. Ujumbe kwa waya, miongo mingi kabla ya simu ya upepo kuwa biashara, na kitu cha kulipuka ni gesi ya matope. Waya huo haukujengwa.

Mwaka wa 1778 alichukuliwa na chuo kikuu cha Pavia kufundisha fizikia, yeye asiye na shahada, na akabaki kwenye cheo hicho kwa karibu miaka 40. Alisafiri Paris na London, akakutana na Franklin na Lavoisier. Alimpenda sana mwimbaji wa opera aliyeitwa Marianna Paris, akataka kumwoa. Familia ikakataa katakata, mwimbaji hakuwa wa kiwango chao. Mwaka wa 1794, akiwa na miaka 49, alimwoa Teresa Peregrini wa familia iliyokubalika, wakapata wana watatu.

Hadithi ya betri unaijua, nitapita mbio. Galvani wa Bologna aliona miguu ya chura aliyekufa ikirushwa na chuma, akasema mnyama ana umeme wake ndani. Volta alianza kwa kukubali, akarudia majaribio, akageuka: umeme unatoka kwenye metali mbili tofauti zilizogusana, chura ni kipimo tu. Wakabishana miaka. Galvani aliondolewa kazini kwa kukataa kuapa utii kwa serikali mpya iliyoletwa na Wafaransa, akafa 1798 kabla ya kuona mwisho wa ubishi. Volta alikuwa mwepesi zaidi wa kuishi na kila mtawala, na hiyo sehemu yake siipendi sana. Mwezi Machi 1800 aliandikia Royal Society ya London kuhusu rundo lake la visahani vya fedha na zinki, katikati kukiwa na kadi zilizoloweshwa maji ya chumvi. Umeme ukatiririka bila kukatika. Mwaka uliofuata alimwonyesha Napoleon kule Paris, akapewa medali ya dhahabu, baadaye useneta na cheo cha kikabaila. Wafaransa walipotimuliwa na Waustria kurudi, Volta aliendelea na kazi kama kawaida.

Uzeeni mambo yalipungua kasi. Mwanawe mmoja, Flaminio, alifariki kijana mwaka wa 1814. Alistaafu 1819, akarudi Camnago, kijiji cha familia karibu na Como, kuishi kama mzee wa shamba. Alifariki tarehe 5 Machi 1827 akiwa na miaka 82. Kijiji kile sasa kinaitwa Camnago Volta.

Mwaka wa 1899 mji wa Como uliandaa maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 100 ya betri. Vyombo vyake vingi vya asili vikakusanywa pamoja, watu waje wavione. Julai mwaka huo moto ukazuka na kuviteketeza. Ukienda leo kwenye jumba lake la kumbukumbu pale kando ya ziwa, utaona vichache vilivyookolewa na vingine vilivyoundwa upya kwa kufuata maandishi yake. Kule Angera hawakuhitaji kuunda upya kitu: chupa, faneli na fimbo bado vinapatikana popote, na bei yake hata Malinya haifiki ya soda.